Uzi wa Shingo ya Mama Mandazi

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, Mama Mandazi alikuwa hali mandazi. Ataamka kabla ya adhana, akande, asukume, akate pembe tatu, akaange karai baada ya karai, na kinywani mwake isiingie hata chembe. Makanika wa gereji ya jirani, waliokuwa wateja wake wakubwa, waliingiwa na wasiwasi.

"Mathe, kwani umetia nini humu? Mbona wewe huli?"

"Nimetia sumu ya panya," aliwajibu. "Nimesikia mmejaa gereji."

Wakacheka, wakanunua. Hawakujua kwamba sababu ilikuwa pale mbele yao, imefunikwa kwa ncha ya leso. Sababu ilikuwa shingo.

Nilimjua kwa ukuta mmoja. Chumba chake na changu vilipakana pale Shauri Moyo, na jiko lake la makaa alilitega chini ya dirisha langu, kwa hiyo kwa miaka tisa moshi wake ulikuwa moshi wangu. Alikuwa mtu wa Majengo kabla ya kuwa mtu wa kwetu. Sokoni alivaa buibui. Kwingine kote, sweta la kijani lililotoboka viwiko. Mimi ni mtu wa ndani. Nafuma vitambaa vya makochi, na nikiachwa nitafuma hadi parapanda ilie bila kuvuka barabara. Mama Mandazi alipenda kuwaambia watu kuwa najua njia mbili tu duniani, ya choo na ya kanisa, na kwamba ya kanisa naisahau. Aliniita Sekondari, kwa sababu nilifika kidato cha nne, jambo ambalo halijawahi kunisaidia kufuma.

"Haya Sekondari," alizoea kusema, "wewe uliyesoma, hebu niambie kwa nini makaa haya hayashiki."

"Mabichi, mama."

"Miaka minne ya sekondari hiyo, watu wangu! Mabichi!"

Lile sweta sasa. Mwezi wa pili Nairobi jua linachoma mabati hadi yanalia, na yeye amekaa mbele ya karai la mafuta yanayochemka, amevaa sweta, na analalamika baridi. Mikono yake ukiishika ni kama umeshika mfereji wa asubuhi. Alikuwa mnene wa kujaa kigoda ilhali chakula chake kilikuwa cha kawaida, na alichoka kabla siku haijaanza. Nyusi zake zilikuwa zimepukutika kwenye ncha, na chini ya koo kulikuwa na uvimbe wa kadiri ya yai la kuku.

Hospitalini walimwambia tezi yake ya shingoni imezembea. Daktari alimweleza kwamba tezi ile ndiyo inayowasha moto wa mwili, na yake imepoa, basi mwili unafuka tu kama kuni mbichi. Akapewa vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama. Kimoja kila asubuhi, kwa maji, kabla ya kula, maisha yake yote. Hilo la mwisho lilimkera kuliko ugonjwa wenyewe.

"Maisha yangu yote? Hata mume sikukaa naye maisha yangu yote!"

Vidonge akavitia ndani ya kopo la iliki, juu ya rafu. Alivimeza, lakini alivimeza kama mtu anayemkaribisha mkwe asiyempenda. Na hapa lazima niseme kitu kilichonishinda kuelewa. Mtoto wangu akiugua malaria, ni yeye aliyekuja kumshika pua na kumsimamia hadi kidonge kishuke. "Dawa haijadiliwi!" Aliwafuata wagonjwa wa ploti nzima kwa bilauri ya maji na macho makali. Kwa mwili wake mwenyewe alikuwa mbunge wa upinzani.

Siku za kliniki zilimmaliza. Atapanga foleni tangu alfajiri, achomwe sindano ya kutoa damu, aambiwe arudi baada ya miezi miwili kuchukua majibu, na akirudi majibu hayajulikani yalipo, aanze upya. Kila daktari alikuwa mpya na kila daktari alimwambia apunguze kula. "Nipunguze nini?" aliniuliza, amekaa kwenye kigoda bado na buibui lake. "Nipunguze upepo?"

Ndipo ukaja ule ukurasa.

Mandazi aliyafunga kwa kurasa za magazeti na majarida ya zamani aliyonunua kwa kilo soko la Gikomba. Mchana, mandazi yakiisha, alipenda nimsomee yale ya Kizungu kabla hayajachanwa. Siku hiyo alinipa picha mbili za mwanamke mmoja mzungu. Upande huu mnene. Upande huu mwembamba, amevaa suruali ileile na kuivuta mbele kuonyesha nafasi iliyobaki, ingetosha kuingia mtu wa pili.

"Amefanyaje huyu?"

Nikasoma, nikimtafsiria. Mwanamke yule alikuwa ameacha wanga wote: mkate, viazi, wali, kila kitu cha unga, na sukari. Anakula nyama, mayai, siagi, malai na majani ya kijani. Eti mwili ukikosa sukari unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe.

"Unachoma?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mama Mandazi alijishika shingo polepole. "Moto," alisema. "Si ndio daktari aliosema umepoa? Endelea."

"Inasema, 'Lakini kama una ugonjwa wa'... basi. Imeishia hapo. Inaendelea ukurasa mwingine."

Ukurasa mwingine ulikuwa umeondoka na mandazi ya makanika asubuhi ile. Ninaona fahari kusema kwamba nilitoka ndani ya nyumba, nikavuka barabara, nikaenda gereji kuutafuta. Yule aliyeununua alinitazama kwa huruma. "Pole, mathe. Niliingia nao choo."

Nilirudi na habari hizo nikidhani zitampa wasiwasi. Wapi. "Wamesema kama una ugonjwa," alisema. "Mimi sina ugonjwa. Mimi nina tezi."

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule mwaka unga mweupe ulipotea madukani na watu wakapanga foleni kuzunguka duka mara mbili kwa pakiti moja ya unga wa mahindi ya njano ya kutoka ng'ambo. Mtaa mzima unautafuta ugali kwa tochi, na mwanamke mmoja anaukimbia. Alipanga foleni kama sisi, akapata pakiti yake, akaniletea mimi. Wanawake wa ploti walisema ni maringo. Mmoja alisema sote tuko kwenye mlo wake, tofauti ni kwamba sisi hatukuulizwa.

Alikula mayai ya kuchemsha, supu ya mifupa pamoja na mafuta yake yaliyoganda juu, nyama ya mbavu kutoka soko la Burma, sukumawiki iliyozama kwenye samli, chai ya strungi, isiyo na maziwa wala sukari. Nyumba yake ilinukia Idi kila siku, lakini mwenyewe alikuwa na uso wa matanga. Wiki ya kwanza kichwa kilimgonga. Siku ya nne alimfukuza mteja aliyeuliza kama mandazi ni ya moto. Mambo ya choo sitayaandika, ingawa yeye aliyatangaza uani kwa sauti.

Kwa kuwa hakuweza kuonja, aliniajiri mimi. Kila alfajiri aligonga ukuta mara tatu kwa mwiko, nami nikatoka na kanga yangu kwenda kula kwa niaba yake.

"Sukari?"

"Imetosha."

"Iliki?"

"Imetosha."

"Kila kitu kimetosha kwako! Ungepewa matope ungesema yametosha!"

Ni kweli mimi si mtu wa kubishana alfajiri. Nilikula mandazi mawili ya kazi na la tatu la kuhakikisha. Baada ya miezi miwili rinda langu la kanisani lilikataa kufunga zipu, na mume wangu, ambaye ni dereva na huuangalia mwili wa mtu kama mzigo wa lori, aliniuliza kama nimeongeza tani. Ule mlo ulifanya kazi, ila ulikosea nyumba.

Alikuwa na semi zake, zote za jikoni. "Unga ni kama mkwe, ukimkandamiza sana anakuwa mgumu." "Mafuta yasipolia, usitie kitu." Ya mwisho aliitumia kwa kila jambo, kuanzia ndoa hadi siasa. Nami kwa miaka nilidhani anaifuata.

Sasa uzi. Mizani hatukuwa nayo, na ya kliniki hakuiamini. Aliomba uzi wangu mweupe wa kufumia, urefu wa pima moja, nikafunga fundo la mwanzo kwenye ncha. Kila Ijumaa, mandazi yakiisha, alikaa kwenye kigoda akashusha leso, nami nikauzungusha uzi pale kwenye uvimbe, nikafunga fundo mahali ulipokutana. Shingo ikipungua, fundo jipya litaingia ndani ya lile la kwanza. Ilikuwa hesabu safi, isiyohitaji sekondari.

Ijumaa ya kwanza, fundo. Ya pili, palepale. Ya tatu, palepale. Ya nne, fundo lingeangukia nje kidogo. Shingo ilikuwa imeongezeka.

Uso wangu alikuwa hajauona bado. Alikuwa amenipa mgongo, anatazama karai tupu.

"Imepungua?"

Niliubana uzi kwa kidole, nikaupima tena.

"Sekondari, jana nilikuwa harusini Majengo. Wamepika pilau, ile yenyewe, mchele umesimama mmoja mmoja. Nimechagua vipande vya nyama kama paka, pilau nimeiacha kwenye sinia. Watu wananitazama. Pilau, Sekondari! Niambie imepungua."

Niliuondoa uzi shingoni mwake, na mikono yangu, inayojua mafundo kuliko inavyojua Amri Kumi, ikafunga fundo upana wa ukucha ndani ya mengine.

"Kidogo," nilisema.

Alilishika fundo kwa vidole vya unga, akacheka. Kicheko kile kilikuwa hakijasikika uani tangu ule mwaka uanze. Akaniita mwanangu. Akanifungia mandazi sita.

Ijumaa iliyofuata ningefanyaje? Ningemwambia imerudi? Nikaingiza fundo ndani tena. Nilifunga mafundo sita ya uongo, Ijumaa sita, moja baada ya jingine, yamejipanga vizuri kama kazi yangu yote. Ijumaa ya mwisho alisimama, akalishusha kopo la iliki, akalipandisha kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya masufuria ya sherehe.

"Moto umewaka wenyewe," alisema. "Vidonge vya nini tena?"

"Lakini mama, daktari alisema—"

"Daktari ameuona uzi?"

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na mdomo umejaa mandazi. Nilimeza mandazi, na sentensi ikashuka nayo.

Haikuwa kitu cha siku moja. Kwanza sauti yake ilikwaruza, ikawa nzito kama ya mwanamume. Kisha akaanza kusahau: leo sukari, kesho hamira. Sweta likawa masweta mawili. Uso ukavimba, maneno yakawa yanatoka moja moja kama maji ya mfereji siku ya mgao. Mimi kila siku nilijiambia kesho nitasema, na kila Ijumaa nilipima bila kuongeza fundo. Hapo aliacha kuuliza kama imepungua, alinipa shingo tu. Idi ilipofika binti yake alikuja kutoka Eastleigh, na Mama Mandazi, kwa ajili ya wajukuu, alikula mandazi moja. Moja tu. Alinieleza kwa aibu ya mtu aliyefumaniwa.

Wiki mbili baadaye, alfajiri, ukuta haukugongwa. Ningependa kusema nilitoka kwa sababu ya wasiwasi. Nilitoka kwa sababu ya njaa. Nilimkuta ameketi wima kwenye kigoda, mwiko mkononi, amelala. Karai limejaa mandazi meusi, mafuta yanafuka, na ncha ya leso yake iko shubiri moja tu kutoka kwenye makaa. Nililivuta karai kwa kitambaa nilichokuwa nakifuma. Kitambaa kikaungua na kiganja pia. Nikamtikisa. Baridi yake ilinitisha kuliko ule moshi. Akafumbua macho, polepole sana, akaniangalia.

"Sukari?" aliuliza.

Makanika walimpeleka hospitali kwa pikapu. Nilikaa naye nyuma, nimemshika. Daktari alimpima, akamfungua jicho, akageuka. "Nani alimwambia aache dawa?" Binti yake alikuwa amefika. Sote tulitazamana, kisha mimi nikatazama sakafu. Daktari akasema nyama na mafuta si neno, hilo lingezungumzwa na kupimwa taratibu, lakini hakuna chakula duniani kinachofanya kazi ya kile kidonge, na angechelewa kidogo asingeamka.

Alipona. Binti yake alimchukua akakae naye Eastleigh, na chumbani mwake akaingia fundi wa redio ambaye hapiki kitu. Mimi sikwenda kumwona. Miaka miwili. Nilisingizia mvua, nikasingizia kitambaa cha harusi, nikasingizia mguu. Kutoka Shauri Moyo hadi Eastleigh ni mwendo wa kutembea mtu akiwa anazungumza, lakini nilikosa la kuzungumza.

Nilikwenda Jumamosi moja alasiri. Binti alikuwa na cherehani barazani, na Mama Mandazi ameketi kando yake na karai lake, amepungua kidogo, macho yamechangamka, sweta moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sekondari! Leo umepotea njia ya choo?"

Nilikaa. Alinipa mandazi. Yeye hakula.

"Bado?" nikamwuliza.

"Bado. Nimerudia mlo wangu tangu Ramadhani iishe. Nyama na samli."

"Na vidonge?"

"Nameza. Mpaka leo." Akaingiza mkono ndani ya lile kopo la iliki, akatoa vidonge, na chini ya vidonge akatoa uzi. Ulikuwa umekuwa wa kahawia kwa mafuta. "Nimekungoja wewe. Binti huyu hajui kupima. Unajua nilikosea wapi mwaka ule? Mandazi ya Idi. Ijumaa zote zile uzi unapungua, nimekula moja, Mungu akanionyesha. Nimeitubia ile mandazi miaka miwili. Safari hii sirudii. Pima, tuanzie tulipoachia. Ikipungua, vidonge naviacha."

Alishusha leso. Nilizungusha uzi. Ukapita mafundo yangu sita, ukasonga mbele, ukakutana palepale pa Ijumaa ya kwanza.

"Imepungua?"

Mafuta yalikuwa yanalia karaini.

"Haijapungua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Haya mafundo sita nimeyafunga mimi. Shingo haikuwahi kufika hapo."

Alichukua uzi, akayapitia kwa kidole moja moja, kama anayevuta uradi. Alirudi mwanzo akayapitia tena.

"Na ile pilau?" alisema mwishowe. "Pilau ya harusi?"

"Ungeila tu, mama."

"Na mandazi ya Idi?"

"Haikufanya kitu. Ni vidonge. Ni mimi."

Uso wake ulifanya jambo ambalo sijawahi kuliona, ukakunjamana kama wa mtoto kisha ukawa mgumu. "Toka," alisema. "Toka mbele ya macho yangu, na mdomo wako huo."

Nilitoka. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia mwiko unagonga ukuta. Mara moja, mbili, tatu.

Niligeuka. Mama Mandazi alikuwa ameshika mandazi ya moto, ameimega, anatafuna polepole huku amefumba macho kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Alimeza.

"Sukari haitoshi!" alinipigia kelele toka barazani, kwa hasira ya kweli. "Iliki haipo kabisa! Miezi yote ile nauza kitu hiki, na mtu ananiambia imetosha!"

Nilirudi hatua mbili.

"Kesho nameza kidonge kwa maji, ndipo nile nitakacho," alisema. "Nyama au pilau nitajua mimi na daktari. Wewe njoo hapa. Kaa. Fungua mafundo yako."

Akanirushia uzi. Nilikaa chini miguuni pake, nikaanza, kwa kucha. La mwisho lilifunguka upesi, na la tano, na la nne. Kwenye yale ya awali mafuta yalikuwa yamekauka yakawa kama gundi. Juu yangu alikuwa anakula mandazi ya pili, akiguna. Matano niliyamaliza kabla ya magharibi. Lile la kwanza, lililomchekesha, ndilo lililokataa.